Paka wa Miezi Mitatu

Jumamosi ya mwisho ya Septemba ilikuwa siku ya kufunga nyumba ya ziwani. Ukisikia "kufunga nyumba" utadhani ni kugeuza ufunguo tu. Ilikuwa kazi ya kutwa.

Mume wangu, Sture, alimwaga maji yote yaliyobaki kwenye mabomba, yasije yakaganda na kuyapasua. Aliivuta mashua nchi kavu, akaipindua. Mimi nilikunja mashuka, nikaosha kabati la chakula, nikafunika vitanda kwa magazeti. Binti yetu Pernilla, mwenye miaka minane, alitumwa kuokota matofaa. Aliokota machache, akala mengi.

Sisi tuliishi Norrköping, ghorofa ya tatu. Nyumba ya ziwani ilikuwa ya baba yangu, Evert. Aliijenga mwenyewe kwa likizo zake, alipokuwa fundi katika kiwanda cha nguo. Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao, nyekundu, yenye vyumba viwili, jiko la kuni na choo cha nje. Mimi nilipitisha humo kila kiangazi cha utoto wangu. Mpaka leo nikinusa lami ya mashua, moyo wangu unarudi nilipokuwa na miaka saba. Namwona mama akikaanga samaki. Namsikia baba akipiga mluzi gatini. Nakumbuka hata baridi ya sakafu asubuhi, na ninaitamani.

Na kila kiangazi tulikuwa na paka.

Baba alimchukua mwezi Juni, shule zilipofungwa, kwa yeyote aliyekuwa na watoto wa paka wa kugawa. Nawakumbuka kwa majina. Alikuwepo Murre. Alikuwepo Lotta. Alikuwepo Kapten, aliyeogopa maji. Na alikuwepo Vante, mweusi mwenye nyayo nyeupe, kana kwamba amevaa glavu. Vante alikuwa wa mwaka nilioanza shule, na nilimpenda kuliko wote.

Septemba ilipofika, sisi tuliondoka na paka alibaki.

"Sasa anahamia shambani," baba aliniambia kila mwaka. "Kule kuna ng'ombe, kuna maziwa, kuna panya tele. Wewe ungekuwa paka, ungetaka kukaa ghorofani?"

Nilisema hapana. Kiangazi kilichofuata kulikuwa na paka mwingine, nami sikuuliza yule wa kwanza yuko wapi. Hakuna aliyeuliza. Watu wengi walifanya vivyo hivyo, na tulikuwa na jina la wanyama hao: paka wa kiangazi. Tulilitamka bila haya yoyote, kama tunavyosema kofia ya kiangazi.

Mwaka huo, 1974, paka wetu aliitwa Sotis. Pernilla alimpata nje ya duka, ndani ya boksi. Alikuwa wa kijivu, lakini ncha ya pua yake ilikuwa nyeusi tii. Kwa hiyo akaitwa Sotis, yaani Masizi.

Sotis alilala kitandani kwa Pernilla. Pernilla akienda choo cha nje, Sotis alimsindikiza na kumngoja mlangoni. Tulipoogelea alikaa kwenye ncha ya gati akitutazama kwa masikitiko, kana kwamba tumerukwa na akili. Mwezi Agosti tulikula kamba wa ziwani, tukiwa na kofia za karatasi vichwani kama ilivyo desturi. Sotis aliiba mkia wa kamba kwenye sahani ya Sture, akaula chini ya meza. Sture alipiga kelele. Sisi tulicheka mpaka kofia zikaanguka.

Shule ilipofunguliwa, tulikuja Jumamosi na Jumapili tu. Katikati ya wiki Sotis alibaki peke yake na bakuli la chakula barazani. Kila Jumamosi alitukimbilia getini. Kila Jumamosi alikuwa mwembamba kidogo kuliko Jumamosi iliyopita.

"Amekonda," nilisema siku moja.

"Hajakonda. Amerefuka," akajibu Sture. "Anakua huyo."

Nikakubali. Mtu akitaka kukubali jambo, hakosi sababu.

Basi siku ile ya kufunga nyumba, Pernilla aliingia jikoni na ndoo yake ya matofaa. Sotis alikuwa nyuma yake.

"Mama, Sotis atakaa wapi kwenye gari?"

"Sotis anabaki, mpenzi. Yeye ni paka wa hapa."

"Atakula nini?"

"Panya!" Sture akaitikia kutoka sakafuni, alikokuwa amepiga magoti. "Nyumba hii ina panya kuliko Norrköping ina watu. Tukirudi Mei atakuwa amenenepa, mlango haumtoshi."

Pernilla akanigeukia mimi. Nami nikamwambia maneno ya baba, neno kwa neno. Shamba. Ng'ombe. Maziwa. Niliyatamka vizuri sana. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi.

Na Sture alikuwa akifanya nini pale sakafuni? Alikuwa akiweka sumu ya panya. Kila majira ya vuli panya wa shambani huingia kwenye nyumba zilizofungwa, wanatafuna magodoro na kukojolea unga. Kwa hiyo Sture alitia sumu kwenye visahani vinne, akaichanganya na mafuta kidogo ya nguruwe ili panya wapate hamu. Kisahani kimoja aliweka jikoni, kimoja stoo, na viwili chini ya baraza, wanakopitia panya.

Saa tisa tuliondoka. Sotis alikimbia nyuma ya gari hadi njia panda, kwenye jukwaa ambapo wakulima huweka makopo ya maziwa yachukuliwe na gari. Hapo akaketi. Pernilla alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma, akamtazama hadi tulipokata kona. Hakulia. Heri angelia.

Siku zikapita. Alhamisi ilifika, na Alhamisi kwetu ni siku ya supu ya njegere na chapati za maji. Pernilla huzipenda chapati hizo kuliko chakula chote. Siku hiyo alizikatakata, akazipanga, asizile.

"Baba," akasema, "panya wakila ile sumu, wanakufa?"

"Wote. Habaki hata mmoja."

"Kwa hiyo Sotis atakula nini?"

Sture alikuwa ameinua kijiko. Kikabaki hewani.

"Au atakula hao waliokufa?" Pernilla akauliza. "Na sumu iko tumboni mwao?"

Nilimtazama Sture, naye akanitazama. Watu wazima wawili, wote tumesoma. Tulimwacha paka aishi kwa kula panya, halafu tukawatilia panya sumu. Tulihitaji mtoto wa miaka minane atueleze.

Niliinuka nikaenda kwenye simu.

Nilimpigia Tyra. Tyra alikuwa jirani yetu wa ziwani, upande wa pili wa shamba la shayiri. Alikuwa na miaka sitini na kitu, ng'ombe sita, na mdomo usiojua kubembeleza. Alinijua tangu nikiwa nabebwa.

"Tyra, ni Gunilla. Samahani kukusumbua jioni..."

"Paka," akasema.

"Umejuaje?"

"Ni Oktoba. Watu wa mjini wakinipigia Oktoba, ama mti umeanguka juu ya paa lao, ama ni paka. Na upepo haujavuma."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye visahani, akanikatiza.

"Vingapi?"

"Vinne. Viwili viko chini ya baraza."

"Na mafuta ya nguruwe juu yake," akasema. "Mmempikia kabisa. Haya. Nakwenda kuviondoa sasa hivi. Nyinyi njooni kesho asubuhi. Leteni kikapu chenye mfuniko na samaki wa kopo. Pakiti ya ile sumu mnayo?"

"Iko kwenye takataka."

"Itoe. Daktari atataka kujua ni sumu ya namna gani."

Asubuhi Sture aliomba ruhusa kazini, mimi vilevile, na Pernilla hakwenda shule. Barafu nyembamba ilikuwa imefunika majani ya barabarani.

Tyra alitungoja getini na buti zake za mpira. Mkononi alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo kulikuwa na visahani viwili.

"Hivi ni vya chini ya baraza," akasema. "Kimoja hakijaguswa. Kingine kimelambwa kikang'aa. Sijui ni panya, sijui ni paka."

"Sotis yuko wapi, bibi Tyra?" Pernilla akauliza.

"Yupo chini ya baraza, pembeni kabisa. Nimeona macho. Nikimwita haji."

Pernilla akataka kukimbia. Tyra akamshika bega.

"Taratibu, mwanangu. Ukimrukia atakimbilia msituni, na msituni hatumpati. Kwanza njooni muone aliponasa mgeni wenu mwingine."

Alitupeleka nyuma ya nyumba, kwenye vichaka vya matunda madogo mekundu. Kila Julai tunavifunika kwa wavu ili ndege wasituwahi. Wavu ulikuwa bado pale. Tuliusahau, kama tulivyousahau kila mwaka. Mahali pamoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

"Jana nilimkuta kalunguyeye humu," Tyra akasema. "Amejiviringisha na wavu, uzi umemwingia shingoni. Wakati huu wanatafuta chakula cha mwisho kabla ya kulala usingizi wa baridi. Miiba yake ikinasa, kadiri anavyojisukuma ndivyo anavyojifunga."

"Amekufa?" Pernilla akauliza kwa sauti ndogo.

"Ameniuma kidole. Mzima kabisa." Akamgeukia Sture. "Na ule wavu wa goli la mpira, pale uwanjani. Unamngoja nani?"

"Nani?" Sture akauliza.

"Paa. Dume ananasa pembe, anazunguka na goli zima mpaka anakufa kwa kuchoka. Kukunja wavu ni kazi ya dakika tano, Sture. Kunywa kahawa kunakuchukua zaidi."

Sture akaenda kuukunja wavu wa goli. Sisi watatu tukarudi barazani.

Tyra akampa Pernilla kopo la samaki. Akamwambia aweke kipande kimoja kwenye uwazi wa baraza, kingine hatua mbili nje, cha mwisho ndani ya kikapu. Kisha tukae mbali, tusimwite, tusimtazame machoni.

"Muda gani?" nikauliza.

"Mpaka atakapotaka yeye. Mlimwacha siku sita. Nanyi mnaweza kukaa saa moja."

Tukakaa kwenye ngazi za stoo. Tyra alikuwa amekuja na chupa ya kahawa ya moto na mikate ya mdalasini kwenye mfuko wa aproni. Jua lilikuwa dogo na jeupe. Majani ya manjano ya miti yalianguka moja moja, bila haraka. Ilikuwa asubuhi nzuri, na uzuri wake uliniuma.

Sture akaja kuketi. Akajaribu kujitetea.

"Lakini Tyra, paka wa shamba hawezi kukaa ghorofani. Si ni ukatili?"

"Ghorofa lenu lina joto?"

"Lina joto, ndiyo."

"Lina chakula?"

"Ndiyo."

"Lina mbweha?"

Sture akajimiminia kahawa.

"Huyu si paka wa shamba," Tyra akasema. "Paka wa shamba kazaliwa zizini, mama yake kamfundisha kuwinda. Huyu wenu alifundishwa na Pernilla kulala juu ya mto. Anajua kuiba kamba mezani. Sasa maji yanaganda, panya wanajificha, na watu wake wamepotea. Wengine wanakufa kwa njaa. Wengine wanapondwa na magari, kwa sababu kila gari likipita wanadhani ni nyinyi mmerudi. Wengine wanakuja kwangu. Watu huvuna viazi mwezi Septemba. Mimi navuna paka."

"Unawapeleka wapi?" nikauliza.

"Nikiweza, namtafutia mtu. Nikishindwa, anabaki zizini. Akiwa jike na hajafungwa kizazi, mwakani wako sita, mwaka unaofuata sijui wangapi, na wote wana njaa. Wanamaliza ndege wote wa kichakani, kisha wanaumwa, wanaambukizana. Unafika wakati inabidi nimwite mwindaji." Akameza kahawa. "Mnadhani napenda kumwita?"

Nilitaka kunyamaza. Lakini kulikuwa na swali moja, na lilikuwa limengoja zaidi ya miaka ishirini.

"Tyra, wale wa kwetu? Wa nilipokuwa mdogo? Baba alisema walihamia kwako."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona vigumu kusema.

"Lotta alifika," akasema. "Lotta alikaa kwangu miaka tisa. Paka mzuri. Murre na yule aliyeogopa maji sikuwaona kamwe."

"Na Vante?"

"Wa glavu?"

"Ndiyo."

"Huyo hakutaka kuondoka mlangoni kwenu. Nilimpelekea maziwa, nikajaribu kumchukua, akanitoroka, akarudi. Alijua nyumba yake. Novemba ikaanguka theluji usiku mmoja. Asubuhi nilimkuta hapa, kwenye ngazi." Akaweka kikombe chini. "Nilimfunga kwenye taulo nikamzika nyuma ya zizi. Sikumwambia baba yako. Nilipaswa kumwambia, ndiyo. Hilo kosa ni langu."

Nililia. Mwanamke mzima, nalilia paka aliyekufa nikiwa darasa la kwanza. Pernilla akanishika mkono.

Ni hapo Sotis alipotoka. Hakutoka kwa mbio. Alitambaa, tumbo chini, akala kipande cha kwanza. Akasimama muda mrefu mbele ya cha pili, akala. Kwenye kikapu akasita. Miguu yake ilikuwa inatetemeka.

"Acheni," Tyra akanong'ona.

Sotis akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akaingia mzima. Pernilla akafunga mfuniko kwa mikono miwili, polepole sana, halafu akalala kifudifudi juu ya kikapu.

Tulikwenda moja kwa moja kwa daktari wa mifugo. Alikuwa mama mmoja kijana mwenye mikono mikubwa. Aliinua mdomo wa Sotis, akatuonyesha fizi. Zilikuwa nyeupe, na pembeni zilivuja damu kidogo.

"Amekula," akasema. "Pakiti mnayo?"

Sture akaitoa mfukoni. Maganda ya mayai yalikuwa bado yamenata juu yake.

"Vizuri. Hii ni ya kuzuia damu isigande. Haiui papo hapo. Mnyama anaonekana mzima siku mbili tatu, watu wanasema hana neno. Kisha analegea, anavuja damu ndani. Ukimwona hataki kula, anapepesuka, fizi zimekuwa nyeupe, usingoje kesho."

"Tungempa maziwa kwanza?" Sture akauliza.

"Maziwa hayatoi sumu. Wala msimtapishe wenyewe. Pigeni simu, mleteni." Akamchoma Sotis sindano. Ilikuwa dawa ya kuifanya damu igande tena. Akatupa na vidonge vya wiki kadhaa. "Atakaa hapa hadi Jumatatu. Mmemwahi. Mngengoja Jumapili, sidhani."

Jumatatu Sotis alipanda ngazi za ghorofa ya tatu ndani ya kikapu. Siku mbili alikaa chini ya kitanda. Siku ya tatu alitoka, akakagua vyumba vyote, akachagua dirisha la jikoni juu ya kipasha joto. Hakuonyesha kuwa ghorofa lina ukatili wowote.

Alipopata nguvu, daktari alimhasi, akamchanja, akamwandika namba ndani ya sikio, ili akipotea ajulikane ni wa nani.

Vuli iliyofuata tulifunga nyumba kwa namna nyingine. Wiki moja kabla, Pernilla alikiweka kikapu wazi jikoni na sweta lake la zamani ndani yake. Sotis akakizoea, akalala humo kwa hiari yake. Sumu hatukununua tena. Sture alizunguka nyumba kwa magoti akiziba kila tundu kwa nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, maana panya hawezi kuzitafuna. Unga na nguo tulivitia kwenye madebe. Ndani alitega mitego ya kawaida, kila mmoja ndani ya kiboksi chenye tundu dogo, ili kiumbe mwingine asiingie. Wavu wa matunda ulikunjwa Agosti, wa goli Septemba. Pipa la maji ya mvua tulilifunika, mnyama asije akazama. Majani makavu, ambayo baba alituzoeza kuyachoma, Pernilla aliyarundika nyuma ya choo na kuyaacha. Kufika Mei palikuwa na shimo katikati ya rundo. Kuna mtu mfupi mwenye miiba alikuwa amelala humo miezi mitano.

"Sasa mnafunga nyumba kama watu," Tyra akasema. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Lakini nataka kusimulia habari ya baba.

Alikuja kwetu Krismasi ile ya kwanza. Alikuwa mjane, mzee wa maneno machache. Baada ya chakula aliketi kwenye kiti cha pembeni, na Sotis, ambaye hakuwa amewahi kumwona, akaruka akamkalia mapajani. Pernilla akamsimulia yote: visahani, baraza, sindano. Baba alisikiliza, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa paka. Pernilla alipokwenda kulala, akasema, "Nilirudi kumtafuta Vante."

"Lini, baba?"

"Mwaka uleule. Jumapili moja, Oktoba. Ulikuwa unamwota, unaita jina lake usingizini. Nikamwambia mama yako nakwenda kuvua. Nikapanda basi. Nikaita mpaka basi la kurudi likafika. Labda alikuwa ameudhika. Labda alikuwa mawindoni. Hakuja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Nilikwishakwambia yuko shambani." Akamkuna Sotis nyuma ya sikio, penye namba. "Kiangazi kilichofuata ulifika, ukazunguka nyumba, ukakuta hakuna paka. Ukaanza kulia. Nikaenda nikachukua mwingine. Sikujua la kufanya jingine, Gunilla. Unadhani alipata mahali?"

Nilifikiri kumdanganya. Ingekuwa rahisi, na ilikuwa Krismasi. Lakini uongo wa namna hiyo ulikwisha kutugharimu.

"Hapana, baba. Alikufa kwenye ngazi zetu, Novemba. Tyra alimzika."

Baba akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Macho yake yalijaa maji, wala hakuyapangusa.

"Alimzika vizuri?"

"Alimfunga kwenye taulo."

"Taulo," akasema. "Ni mtu mwema, Tyra."

Tangu hapo, kila mwaka, siku tuliyofunga nyumba ya ziwani, simu ililia kabla hatujavua viatu. Alikuwa baba. Hakusalimu. Hakuuliza kama njia ilikuwa nzuri.

"Paka yupo?"

"Yupo, baba."

"Mpe simu nimsikie."

Nilishika simu karibu na kikapu. Sotis hakuwahi kusema lolote kwenye simu. Alinusa tu, akapumua. Baba alisikiliza pumzi ile kimya, mwaka hadi mwaka, vuli kumi na moja, hadi yeye mwenyewe alipoondoka duniani.

"Haya," alisema kila mara, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Sasa niambieni habari zenu."